Kiboko Mgeni Rasmi wa Chuo Chake Mwenyewe

Nitoe hadithi nisitoe?

"Toa!"

Yenye chumvi, au ile ya wagonjwa?

"Yenye chumvi!"

Nikizidisha?

"Tutakunywa maji!"

Haya, sogeeni. Wewe uliyejibu kwa sauti ya chini huko nyuma, nimekuona. Anayejibu kwa sauti ya chini ana lake jambo. Njoo hapa mbele nikutazame vizuri.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo. Kilikuwa ng'ambo ya mto, penye nyasi fupi na tope zuri, na mwenyewe alikuwa Kiboko. Si mwalimu, thubutu! Walimu walikuwa Kobe na Bundi, wakilishwa makapi. Kiboko alikuwa mwenye chuo. Kazi yake ilikuwa kukaa getini na kufungua kinywa.

Chuo hicho kilifundisha uganga: kutoa mwiba, kuunga mfupa, kushusha homa, kutibu sumu ya nyoka. Aliyehitimu alivishwa mkoba wa ukindu begani. Na bila ule mkoba, hata ungekuwa unajua kila dawa ya msituni, jani kwa jani, hakuna ambaye angekunyooshea mguu wake. Wangekuuliza tu, "Mkoba uko wapi?"

Sasa, upande huu wa mto aliishi Nguchiro, mjane, mwembamba, mwenye mkia mrefu kuliko riziki yake. Alikuwa na binti mmoja, Kidawa, ndiyo maana walimwita Mama Kidawa. Na alikuwa na tabia moja. Likimfikia jambo lolote, jema au baya, husimama kwa miguu ya nyuma. Hutazama kulia. Hutazama kushoto. Hunusa: fu, fu, fu. Kisha husema, "Hapa pana namna."

Ukimsalimia asubuhi ukatabasamu kupita kiasi, pana namna. Ukimpa ndizi kubwa wewe ukabaki na ndogo, pana namna. Wenzake walimchoka. Mimi simlaumu hata kidogo, maana na mimi nimeishi na majirani.

Baba yake Kidawa alichomwa na mwiba wa mgunga. Mguu ukavimba, ukaoza, na mganga mwenye mkoba alikuwa mbali sana. Alipofika alikuta watu wamekaa matanga. Kidawa alikuwa bado mdogo, lakini palepale matangani akasema, "Mama, mimi nitasomea uganga. Mwingine asife kwa mwiba." Mama yake akaanza kulia upya. Alikuwa anaijua ada ya chuo.

Ada ilikuwa maboga, maana hakuna kitu Kiboko alichokipenda duniani kama boga. Tena si boga moja wala mawili. Lilikuwa rundo zima, kimo cha twiga. Waliokuwa na mashamba walisomesha. Wasiokuwa nayo walisikia habari za chuo kwa mbali, kama watu wanaosikia harufu ya pilau ya jirani.

Hatimaye wanyama wakaitisha baraza kuzungumzia ile ada.

Nyani akasimama. "Nina mtoto mgongoni, mtoto kifuani, na wengine wako juu ya mti wananirushia maganda. Nimsomeshe yupi, nimwache yupi?"

Nungunungu akajibu, "Asiye na boga akae kwake. Mimi wangu nimewasomesha bila kumwomba mtu."

"Wewe nani atakusogelea akuombe?" Nyani akamrudishia, na watu wakacheka.

Nyumbu wakasema iundwe kamati, na wajumbe wawe wao wote.

Mara wakasikia: tindi! tindi! tindi! Kiboko huyo, anatoka mtoni, maji yanamchuruzika. Walijua amekuja kuitetea ada yake.

Kiboko akafungua kinywa: mwaaa! "Ndugu zangu, ada ifutwe! Ifutwe leo hii! Elimu iwe bure!"

Lililililili! Vigelegele vikapasuka. Watoto wa Nyani wakaanguka kutoka mtini kwa furaha. Nyumbu wakakimbia huku na huko bila kujua wanakwenda wapi. Kidawa akamrukia mama yake. "Mama! Nitasoma! Umesikia? Bure!"

Nguchiro akasimama kwa miguu ya nyuma. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akanusa: fu, fu, fu. "Hapa pana namna."

"Mama, jamani! Hata leo hufurahi?"

"Mwanangu, mla maboga akishangilia kufutwa kwa maboga, mimi naushika mkia wangu nione kama bado upo."

Lakini mtoto akitaka kusoma utafanyaje? Siku ya kufungua chuo, Nguchiro akamshika mkono binti yake, wakavuka mto, wakafika getini.

"Hodi!"

"Karibu, Mama Kidawa," akasema Kiboko. "Masomo ni bure."

"Ahsante, Mzee."

"Ila pana mchango kidogo tu. Boga la kujiandikisha."

Nguchiro akarudi. Kazi yake ilikuwa kufukuza panya katika mashamba ya akina Ngiri, na ujira wake ulikuwa boga. Akafukuza panya, akapewa boga, akalisukuma kwa kichwa hadi chuoni: gulugulugulu. Kiboko akafungua kinywa: mwaa! Kacha, kacha, kacha. Boga kwisha.

Muda haukupita. "Mama Kidawa, masomo ni bure. Ila pana mchango kidogo tu. Boga la mlinzi."

"Mlinzi mwenyewe nani?"

"Mimi."

Gulugulugulu. Mwaa! Kacha, kacha, kacha.

"Mama Kidawa, masomo ni bure. Ila pana mchango kidogo tu. Boga la tahadhari."

"Tahadhari ya nini, Mzee?"

"Huenda boga jingine likapotea."

Gulugulugulu. Mwaa! Kacha, kacha, kacha.

"Mama Kidawa, masomo ni bure. Ila pana mchango kidogo tu. Boga la maendeleo."

"Na hayo maendeleo yako wapi?"

Kiboko akajipapasa tumbo lake taratibu, kote, mbele na ubavuni.

Na ukithubutu kulitaja neno ada, alikuja juu. "Ada? Nani amesema ada? Ada ilifutwa barazani mbele yako! Unataka kunichonganisha na baraza?" Mzazi hunywea, huomba radhi, hurudi kutafuta boga. Hivyo ndivyo Nguchiro alivyosomesha, kwa kichwa chenye malengelenge, akinung'unika njia nzima kwamba pana namna. Na Kidawa naye alisoma kweli. Kobe mwenyewe, ambaye hamsifu mtu, alisema mtoto huyu ana mkono mwepesi kwa miiba.

Basi masomo yakamalizika. Yakabaki mahafali na kuvishwa mikoba. Kiboko akawaita wazazi wote getini, akawaonyesha mikoba mipya inaning'inia ndani ya ghala lake.

"Hongereni sana," akasema. "Masomo yalikuwa bure. Pana mchango kidogo tu wa mwisho, wa mkoba." Akaonyesha kwa pua kimo cha rundo analolitaka kwa kila mtoto.

Wazazi wakatazama juu. Lilikuwa kimo cha twiga.

"Mzee," akasema Nguchiro, "si hii ndiyo ada ya zamani?"

"Ada ilifutwa, mama. Huu ni mchango. Asiyechanga, mkoba wake utakaa humu ghalani. Hautaoza, usijali."

Wakarudi, mama na binti. Njiani wakamkuta Digidigi na mwanawe, mtoto amelala ubavu, mwiba umezama kwatoni, mguu umeanza kuvimba. Kidawa akapiga magoti palepale, akamwambia Digidigi, "Mama, huu naweza kuutoa sasa hivi. Nipishe nimshike."

Mama Digidigi akamvuta mwanawe. "Mkoba uko wapi?"

"Nimehitimu. Mkoba umezuiliwa tu, lakini—"

"Mwanangu mmoja, sina wa kujaribia. Niwie radhi." Akambeba mtoto wake anayelia, akaenda kumtafuta mwenye mkoba.

Hapo Kidawa akakaa chini katikati ya njia, akalia kwa uchungu, kwa sauti, bila kujali anapita nani. Nguchiro hakulia. Alikasirika mpaka manyoya yakamsimama, akaonekana mkubwa mara mbili. "Nyamaza," akasema. "Mkoba wako utauvaa. Tena atakuvisha yeye kwa mkono wake."

Asubuhi akaenda kidimbwini kwa Kiboko. Tiki, tiki, tiki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta?"

"Sijaleta. Nimekuja kuuliza tu: mgeni rasmi mwaka huu nani?"

Niwaeleze hapo, msije mkasema nimewaficha. Kwa desturi ya chuo kile, mahafali hayakuwa mahafali bila mgeni rasmi. Alikalishwa kiti kirefu, akavishwa shada la maua, kisha akasomewa risala: kwanza sifa zake, halafu shida za wahitimu. Zikishasomwa shida, yeye husimama akatoa ahadi mbele ya umma. Na ahadi ikishapigiwa vigelegele, imekwenda, hairudi. Miaka yote mgeni rasmi alikuwa Tembo, na miaka yote ahadi yake ilikuwa ileile: tawi moja la mti, na nasaha ndefu.

"Mgeni rasmi ni Tembo," akasema Kiboko, akanuna. Jambo hilo lilimuuma. "Maua ya chuo changu, shingo ya Tembo! Mimi nasimama getini kama mgonga kengele!"

"Kwa nini usiwe wewe?"

Kiboko akafumba jicho moja. Alikuwa mroho, lakini hakuwa mjinga wa kupindukia. "Mama Kidawa, tangu lini unanipenda?"

"Sikupendi."

"Basi unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Asiyetaka kitu mimi namwogopa. Nenda zako."

Nguchiro akaona mambo yanaharibika. Akainamisha kichwa, akachorachora chini kwa ukucha, kama mtu aliyefumaniwa. "Haya, Mzee, umenishinda. Nitasema kweli. Nataka kukaa karibu na vyungu vya chakula. Tembo akiwa mgeni rasmi hufagia kila kitu kwa ule mkonga, sisi wadogo tunaramba sufuria. Wewe unakula maboga tu. Ukikaa wewe, mayai yatanifikia."

Kiboko akaangua kicheko, maji ya kidimbwi yakaruka. "Kumbe mayai! Mtoto amekosa mkoba, mama anawaza mayai!" Akaridhika kabisa. Kiboko hakuwahi kumwamini mtu mwema, lakini mroho mwenzake alimwelewa mara moja. "Nenda kawaambie wazazi. Mgeni rasmi ni mimi. Na wewe kaa hapo karibu na kiti changu, penye vyungu."

Siku ya mahafali watu walijaa. Kasuku ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na kasuku akipewa jukwaa mnamjua. "Makofi, jamani! Hayo ni makofi au mnafukuza nzi? Anaingia mgeni rasmi, mheshimiwa sana, mzee wetu, baba wa mto, Bwana Kibokooo!"

Tindi! tindi! tindi! Kiboko akapanda kitini. Kraaa! Kiti kikalia, kikavumilia. Akavishwa shada la mayungiyungi, akaonja moja, likamkolea, akala nusu ya shada hata kabla ya dua ya ufunguzi. Tembo alikuwa amekaa miongoni mwa wageni wa kawaida, masikio yamelegea, anamtazama.

Kidawa akasimama kusoma risala.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenye kifua kipana na kinywa kipana zaidi. Sisi wahitimu tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi."

Kiboko akatikisa kichwa kwa raha. Shughuli zake zilikuwa kulala.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio tuliyoyapata, tunakabiliwa na changamoto. Changamoto ni moja. Mikoba yetu iko ghalani kwa sababu wazazi wetu wameshindwa mchango. Wameuza walivyokuwa navyo, wameazima, wamechoka. Wagonjwa wanatukimbia. Tunakuomba, kwa moyo wako mkubwa, ukilipie chuo mchango wa wahitimu wote."

Kimya. Hata Kasuku alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tena. Kiboko akatoa macho. Akainama pembeni, penye vyungu, ambako Nguchiro alikuwa ameshika yai bila kulila.

"We! Mmenitega?" akanong'ona. "Nitoe maboga yangu?"

"Mzee, Tembo anakutazama."

"Atazame! Nitoe maboga yangu?"

"Unampa nani kwani?" Nguchiro akanong'ona.

"Chuo."

"Chuo cha nani?"

Kiboko akafikiri. "Changu."

"Maboga yatatoka ghala la nani?"

"Langu."

"Yataingia ghala la nani?"

Kiboko akafikiri tena. "Langu."

"Sasa utapungukiwa nini? Maua umevaa wewe, sifa unachukua wewe, maboga unapokea wewe. Tembo hajapata bahati hiyo tangu azaliwe."

Tumbo la Kiboko likaanza kutikisika kwa kicheko cha ndani. Alijiona mjanja kuliko wote waliokuwa pale. Akasimama, akafungua kinywa: mwaaaa!

"Nimeisikia risala! Mimi si mtu wa tawi moja!" Akamtazama Tembo. "Nawalipia! Wote! Mchango wote! Nimelipa leo, hapahapa!"

"Amelipaaa!" akapiga kelele Kasuku. "Amelipa yote! Mnasubiri nini, akina mama?"

Lililililili! Lililililili! Vigelegele vikavuka mto, vikarudi, vikavuka tena. Na kabla Kiboko hajakaa, Kasuku akaendelea, "Sasa mgeni rasmi atawavisha wahitimu mikoba yao!" Ghala likafunguliwa. Kiboko, mate ya furaha yakimtoka, akawavisha mmoja mmoja, na Kidawa akainamisha bega lake dogo, akavishwa.

Kidawa alipofika kwa mama yake, Nguchiro aliugeuza mkoba, akaunusa ndani na nje, akauvuta kamba kuona kama imeshonwa au imegandishwa kwa ulimbo. Ilikuwa imeshonwa. Ndipo alipolia, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hana shaka. Jioni ileile mtoto wa Digidigi, ambaye mama yake alikuwa bado hajampata mwenye mkoba, alitolewa mwiba na Kidawa.

Na Kiboko? Watu walipoondoka aliingia ghalani, akasimama upande wa mlango.

"Haya," akasema kwa sauti ya mwenye chuo. "Mgeni rasmi, lete maboga."

Kimya.

Akahamia upande wa pili. "Nayaleta," akasema kwa sauti ya mgeni rasmi. Akachukua maboga ya ukuta wa kulia, akayasukuma hadi ukuta wa kushoto, gulugulugulu, moja moja, jasho likimtoka. Alipomaliza akatazama. Yalikuwa yaleyale. Kasoro moja, maana njiani aliona njaa.

Akayarudisha kulia. Yaleyale, na jingine limepungua.

Akasimama katikati ya ghala, akanusa kwa pua yake kubwa. "Hapa pana namna," akasema. Akatoka mbio hadi kwa Nguchiro: tindi! tindi! tindi!

"Mama Kidawa! Maboga yangu yako wapi?"

"Maboga gani, Mzee? Si ulilipa?"

"Nililipa!"

"Ulimlipa nani?"

"Nilimlipa... nilijilipa mimi!"

"Basi kamuulize aliyepokea," akasema Nguchiro. "Mimi sikuwepo ghalani, nilikuwa kwenye mayai."

Habari zikaenea. Wazazi wa mwaka uliofuata walikuja chuoni mikono mitupu, nyuso zimenawiri. "Mchango? Tumekuteua mgeni rasmi, Mzee! Tumeshaandaa na risala!" Ikawa akiwa getini, anasomewa risala. Akiwa malishoni, anasomewa risala. Hata watoto wa nyani walimning'inia masikioni wakimwita mheshimiwa. Mwisho akalitelekeza geti, akazama mtoni.

Na mpaka leo, mchana kutwa, kiboko hushinda majini. Utamwona macho tu na masikio viko juu, anachungulia kama anakuja mtu na shada la maua. Akisikia kigelegele, hata cha arusi ya mbali, huyo, anazama: blup! Giza likiingia ndipo hutoka, akaingia mashambani mwa watu na kula maboga. Ukimfukuza hukasirika sana, maana yeye anajua kwamba hajaiba. Anakusanya mchango.

Chumvi imetosha?

"Imetosha!"

Nani amebakiwa na kiu?

"Sisi!"

Mto ule pale, lakini mtazame kwanza nani yumo.

Ngojeni, msiinuke. Ngano haiachwi bila funzo, na funzo la hii ni jepesi. Watoto wangu, mwenye chuo akiwaambia elimu ni bure, mwaminini. Akisema pana mchango kidogo tu, toeni kwa moyo mweupe, wala msimuulize unakwenda wapi. Na msiwe na shaka shaka kama Nguchiro. Yeye alishuku tangu siku ya kwanza, akauliza kila boga, na mmeona wenyewe yaliyomfika: binti yake ni mganga.